Siasa za Utambulisho Pwani ya Uvira (Sehemu ya Pili)

Tuliona katika sehemu iliyotangulia jinsi Wavira, Wafuliru, Wabembe, Warundi wa bonde la Ruzizi na Wanyamulenge wa milimani walivyofanya ujirani, ndagala wa ziwani wakipanda mlimani na maziwa yakishuka. Yatupasa sasa kuitafuta sababu iliyolifanya jina la kabila, ambalo kwa dhati yake halina dhara, ligeuke silaha mikononi mwa wanasiasa.

Kwa rai yangu sababu hiyo haimo katika damu wala katika lugha, bali imo katika sheria na ardhi. Sheria ya 5 Januari 1972 iliwakubalia uraia watu wa asili ya Ruanda-Urundi waliokwisha kukaa Kivu kabla ya mwaka 1950. Sheria ya 29 Juni 1981 ikaufuta, ikimtaka mtu atokane na mojawapo ya makabila yaliyokuwamo nchini Kongo tarehe 1 Agosti 1885, siku ambayo hapana mzee aliye hai wa kuitolea ushahidi. Tangu hapo kabila likawa ndilo hati ya mtu, na jamaa isiyo na mwami, yaani chifu wa jadi, anayetambuliwa, kama Wanyamulenge, mahali ambapo shamba hutolewa kwa idhini ya mwami, ikabaki kuomba.

Tazama jambo la kila kiangazi, ng'ombe washukapo bondeni kutafuta majani. Mwenye shamba huamka akakuta mihogo yake imekanyagwa, akachukua shina moja lililovunjika kwenda kumwonyesha mzee wa kijiji. Wakati wa amani mchungaji hulipa, na shauri huisha kabla ya adhuhuri. Lakini uchaguzi ukikaribia, hutokea mheshimiwa kutoka mjini akatangaza kwamba kilicholiwa si muhogo wa fulani bali ni nchi ya jamaa nzima.

Oktoba 1996 makamu wa gavana wa Kivu ya Kusini aliwaamuru Wanyamulenge wahame kwa muda wa juma moja. Kabla mwezi haujaisha Uvira ilikuwa imetekwa. Waliouawa Gatumba, ng'ambo ya mpaka, Agosti 2004, wengi wao walikuwa wakimbizi Wanyamulenge. Waliouawa Mutarule, Juni 2014, wengi wao walikuwa Wafuliru. Nayaandika majina haya mawili pamoja kwa makusudi, maana wamezidi kwetu wanaolia juu ya kaburi moja tu.

Sheria ya 12 Novemba 2004 iliyarudishia uraia makabila yote yaliyokuwamo nchini wakati wa uhuru. Mbona basi komuni ya Minembwe, huko milimani kwa Wanyamulenge, ilipozinduliwa Septemba 2020, ilizusha ghadhabu hata ikasimamishwa mwezi uliofuata? Kwa sababu uraia ulirudi, na swali la nani ataitawala ardhi likaachwa pale pale. Nalo ndilo tutakalolishika katika sehemu ya tatu, inshallah.