Tuuze nini kwenye telefone? Tuanze na mnunuzi



Likelemba ikishahesabiwa, kabla ya sala ya kufunga, swali moja linarudi katika vikundi vyetu: tuuze nini kwenye telefone? Wengi wetu tumekwisha kuanza bila kungoja jibu. Fungueni statu za WhatsApp Jumamosi jioni muone. Mkoba mmoja, picha moja, umetoka kwa tajiri mmoja wa Lubumbashi, na wamama wanne wa mtaa mmoja wanauweka kila mmoja kwa bei yake. Wa kwanza anasema franka 45,000, wa pili anashusha mpaka 43,000, wa nne anauza karibu na bei aliyonunulia, ilimradi pesa zirudi. Mwisho wa mwezi mkoba umeuzwa, mega zimekwisha, na faida haionekani.

Tunaandika habari hii kwa sababu pesa inayochezwa hapo si ya kuchezewa. Hapa Likasi tunajua vizuri biashara ya mama ni nini. Mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walipoondoka katika ule mpango wa kuondoka kwa hiari uliosaidiwa na Benki ya Dunia, nyumba nyingi za Shituru, Panda na Kikula zilisimama kwa meza ya mama mbele ya mlango: mkaa, unga, mafuta, sabuni ya vipande. Watoto walisoma kwa meza ile. Leo meza imeingia ndani ya telefone, lakini mtaji ni uleule wa kuokota franka kwa franka, na mtoto anayengojea pesa ya shule bado yupo.

Watu wengi wanafikiri ukiuza kwenye intaneti unamuuzia kila mtu, kwa hiyo uwe na kila kitu. Tuangalie waliojaribu hivyo wakiwa na pesa nyingi kuliko sisi. Jumia ilianza Lagos mwaka 2012, ikauza telefone, viatu, sufuria, chakula, kila kitu. Aprili 2019 iliingia soko la hisa la New York. Novemba ya mwaka huohuo ilifunga kazi yake Tanzania na Cameroon. Kule Kenya, Copia ilianza mwaka 2013 kuuzia watu wa vijijini bidhaa za nyumbani kupitia mawakala wa mitaa; Mei 2024 ilishindwa kuendelea, ikawekwa chini ya wasimamizi. Hawa walikuwa na magari, maghala na mamilioni ya dolari. Kupeleka mzigo mdogo kwa mtu mmoja aliye mbali kunakula faida, hata ya mkubwa.

Amazon yenyewe, ambayo leo inauza kila kitu, Julai 1995 ilifungua mlango ikiuza vitabu tu. Kitabu hakiozi, hakivunjiki njiani, na hakuna duka la mtaani linaloweza kuweka vyote. Walianza na kona moja waliyoijua.

Kwa maoni yetu, tusianze kutafuta bidhaa. Tuanze na mnunuzi. Tutafute kikundi kidogo cha watu tunaowajua, wanaohitaji kitu kilekile, kwa wakati uleule, na wanaokaa karibu karibu. Bidhaa itajitokeza yenyewe.

Tuchukue mfano ulio karibu na kazi ya shule. Nchi nzima, mtoto wa shule anavaa bulu na nyeupe. Masomo yanafunguliwa mwanzoni mwa Septemba, tarehe ambayo kila mzazi anaijua. Mtoto anakua, kwa hiyo sketi ya mwaka jana imekuwa fupi, na kola ya shati imechoka. Kuanzia elimu ya msingi ya bure ilipoanza Septemba 2019, madarasa yamejaa, mwalimu yeyote atawaambia. Mama anayejua kushona na kukaa karibu na shule tatu tayari ana wanunuzi. Kazi yake ni kuwapata katika Julai, kabla hawajaenda sokoni.

Sasa tufanye hesabu. Bei hizi ni za mfano tu, kila mmoja aweke zake. Tuseme kitambaa, uzi na vifungo vya nguo moja ya shule ni franka 14,000, nawe unauza 22,000. Hapo mama anasema: nimepata 8,000. Hapana. Toa mega 500, toa kukatwa kwa kutoa pesa kwenye M-Pesa, Airtel Money au Orange Money 500, toa mkaa wa pasi 500, toa pikipiki ya kupeleka nguo 2,000. Zimebaki 4,500. Na hapo hujahesabu siku ulizokaa kwenye cherehani.

Lakini kama nguo kumi zinakwenda kwenye barabara moja au shule moja siku moja, ile pikipiki ya 2,000 inagawanywa kwa kumi, inakuwa 200 kwa nguo. Zinabaki 6,300. Nguo ni ileile, bei ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba wanunuzi wanakaa pamoja. Ndiyo maana mnunuzi mmoja wa Kolwezi, mwingine wa Kipushi na mwingine wa Kinshasa wanaonekana kama biashara kubwa, kumbe wanamaliza mtaji. (Jambo dogo la kuangalia: shule nyingine zinauza nguo zao zenyewe, zenye alama yao. Muulize mkurugenzi kwanza, kabla ya kununua kitambaa.)

Ubaya wa nguo za shule ni kwamba Oktoba kazi inapungua. Hapo cherehani ileile itafute watu wengine wa namna hiyohiyo: kwaya ya parokia inayotaka kikwembe kimoja kwa wote, familia yenye ndoa, wamama wanaojifungua wanaohitaji nguo ndogo. Kwaya ya watu 30 ni mazungumzo na mtu mmoja tu, yule mwenye daftari la kwaya.

Kwa asiyeshona kuna upande mwingine. Barabara ya kutoka Lubumbashi kwenda Kolwezi inapita hapa kwetu, na magari yanapanda na kushuka kila siku. Watoto na wadogo zetu wengi wanafanya kazi kule kwenye migodi na maofisi, wanakula bukari kwa haraka na wanakumbuka chakula cha nyumbani. Mvua zikianza, uyoga, yaani bowa, unajaa kando ya barabara kwa siku chache, kisha unapotea. Aliyeukausha vizuri, akaufunga katika pakiti safi zenye uzito unaojulikana, ana kitu ambacho Kolwezi hawakipati kirahisi mwezi wa Julai. Asali ya porini ni vilevile, na viwavi vilivyokaushwa. Mzigo wa kilo 10 kwa mpokeaji mmoja kule, dada au shemeji anayegawa kazini kwake, unarudi kwenye hesabu ileile ya nguo kumi. Ila kwa uyoga, nunueni kwa mama anayeujua kweli. Uyoga mmoja mbaya ndani ya pakiti unaua mtu.

Vitu vingine tunaviona vikiuzika sana, nasi tunasema wazi kwamba hatutaki kuviona katika vikundi vyetu. Cha kwanza ni mafuta ya kujichubua. Faida yake ni kubwa na mnunuzi anarudi, kwa sababu akiacha ngozi inaharibika zaidi. Mengine yana zebaki, ambayo inadhuru mafigo, na kwa mama mwenye mimba inamfikia mtoto. Cha pili ni dawa. Vidonge si bidhaa ya statu.

Cha tatu ni ile "biashara ya intaneti" isiyo na bidhaa: unalipa dolari kuingia, unaleta watu wengine watatu, unapata sehemu ya pesa zao. Wakubwa wetu wanamkumbuka Bindo, mwaka 1991, wakati watu wa Kinshasa walipouza hata vitu vya nyumba wakaweke pesa, na pesa haikurudi. Jina limebadilika, sasa kuna picha za magari na maneno ya kifaransa kizuri, lakini ukiuliza "tunauza nini, kwa nani?" hakuna jibu.

Samaki na kuku wa baridi si vibaya, lakini SNEL ikikata umeme siku mbili, mtaji wote unanuka. Asiye na njia nyingine ya kuhifadhi baridi awaachie wenye nayo. Vilevile vitu vinavyonunuliwa kwa dolari Kasumbalesa na kuuzwa hapa kwa franka vinahitaji macho: franka ikishuka kati ya siku ya kununua na siku ya kulipwa, unauza kwa faida na bado huwezi kurudisha mzigo uleule. Na deni la wiki tatu ni baya kuliko la siku tatu.

Kabla ya kutoa pesa ya likelemba, jaribuni hivi. Tengeneza kitu kimoja, au pakiti tatu. Piga picha yako mwenyewe, si ya kuiba, ukitumia mwanga wa asubuhi. Waonyeshe watu ishirini wa kikundi ulichochagua na useme bei bila aibu. Wakisema "ni kizuri sana, mama," hiyo bado si biashara. Wakikubali kutoa nusu ya pesa mbele, hiyo ni biashara. Kama katika ishirini hakuna hata watatu wanaotoa, badilisha kikundi au badilisha kitu, nawe hujapoteza ila kitambaa kidogo. Na pesa ikitumwa, usiangalie ujumbe tu, maana kuna wanaoandika ujumbe wa uongo unaofanana na wa kweli. Angalia salio lako kwanza, ndipo utoe mzigo.

Namba ya pesa iwe kwa jina lako mwenyewe. Tunasema hivi kwa sababu bado tunasikia mama akiambiwa hawezi kufanya biashara bila karatasi ya mume. Sheria ya Familia ya 1987 iliyodai ruhusa hiyo ilirekebishwa na sheria namba 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016, na sharti hilo likaondolewa. Kuzungumza nyumbani ni jambo jema, na mume anayejua hesabu ni msaada. Ila hilo ni mapatano ya watu wawili wa nyumba moja, si ruhusa.

Kwa mkutano ujao, kila mama alete karatasi yenye majina ishirini ya watu anaotaka kuwauzia, mahali wanapokaa, na kitu walichonunua mwezi uliopita. Asiyeandika aje na mtoto wake wa shule amwandikie. Tutasoma karatasi pamoja kabla ya kufungua sanduku.