Flamenco: Ngoma ya Hispania yenye makao Japani

Mfanyabiashara wa mpakani anaijua hali hii: ukifika soko la ugenini, watu hutazama kwanza umetoka wapi, ndipo watazame mzigo wako. Agosti 2024 jambo hilo lilimkuta mcheza ngoma mmoja nchini Hispania.

Junko Hagiwara, mzaliwa wa Kawasaki karibu na Tokyo, alishinda tuzo ya wanawake ya kucheza flamenco katika tamasha la Cante de las Minas, mjini La Unión, mkoa wa Murcia. Kabla yake hakuna mgeni aliyewahi kuipata. Jina lake lilipotangazwa, baadhi ya watazamaji walimzomea. Wakati huo alikuwa amekwisha kuishi Seville zaidi ya miaka 20.

Flamenco ni sanaa ya Andalusia, kusini mwa Hispania, yenye nguzo tatu: kuimba, gitaa na kucheza. Wagitano, watu walioonewa kwa karne nyingi, wana mchango mkubwa katika kuijenga. Viatu vya mchezaji hupigiliwa misumari kwenye ncha na kisigino, hivyo miguu yake nayo ni ala ya muziki. Mwaka 2010 UNESCO iliitambua flamenco kuwa urithi wa binadamu wote.

Japani imeijua siku nyingi. Mwaka 1929 Antonia Mercé, maarufu kwa jina la La Argentina, alicheza Tokyo. Yeye mwenyewe, ingawa wazazi wake walikuwa Wahispania, alizaliwa Buenos Aires. Miaka ya 1960 Yoko Komatsubara alifunga safari kutoka Tokyo kwenda kujifunza Hispania, na baadaye akaunda kundi lake. Leo shule za flamenco zimeenea katika miji ya Japani, na wengi wa wanafunzi ni wanawake: wafanyakazi wa ofisini, mama wa nyumbani, hata wastaafu.

Wanafuata nini? Katika jamii inayomfundisha mtu kumeza hasira na huzuni mbele za watu, hapa mwanamke anaruhusiwa kukanyaga sakafu kwa kishindo na kukunja uso. Wala haulizwi umri. Mwenye miaka 60 huheshimiwa, kwa kuwa ana ya kusema.

Fedha nazo zinatembea. Huko Seville na Jerez, walimu, mafundi viatu na washonaji hupata sehemu ya riziki yao kwa wanafunzi wageni.

Waliozomea hawakukosa hofu yenye msingi. Wagitano wameona mara nyingi wengine wakinufaika na walichokilea wao. Lakini tuufungue mzigo wenyewe. Shali ya hariri ya mchezaji, iitwayo mantón de Manila, asili yake ni China. Ilipitia Manila na Mexico katika meli za Wahispania hadi ikafika Seville. Kipepeo cha kukunja kina asili Japani. Sanduku la mbao linalopigwa kama ngoma, cajón, lilibuniwa na watu wa asili ya Afrika nchini Peru, na mpiga gitaa Paco de Lucía ndiye aliyeliingiza katika flamenco miaka ya 1970.

Sisi tunalielewa hilo. Kanga nyingi zilizouzwa pwani yetu zamani zilichapwa Japani, na hakuna aliyemwambia bibi wa Tanga au Mombasa kwamba amevaa nguo ya kigeni. Aliijua jina lake, akajua siku ya kuivaa na ujumbe wa kumfikishia jirani.

Hagiwara naye alijifunza kwa namna hiyo: alihamia Seville mwaka 2002, akakaa na wenye ngoma yao, akacheza nao mwaka baada ya mwaka. Majaji wa La Unión walitazama miguu yake, wakampa tuzo.