Asubuhi ya Pikipiki Hadi Jumba la Mtwana

Juma hili tulikusudia kuandika juu ya haki za mke, na karatasi tulikwisha kuzitandaza mezani baada ya Swala ya Alfajiri ya Jumapili. Mke wetu akaja na chai ya tangawizi, mahamri na mbaazi, akasimama akayasoma yaliyoandikwa. Kisha akauliza kwa upole, "Maalim, hadithi ya Mtume kushindana mbio na Bi Aisha umeisomesha miaka mingapi?"

Tukajibu kuwa ni zaidi ya ishirini.

"Na mimi bahari mara ya mwisho kuikanyaga ni kabla kitinda mimba hajaachishwa ziwa."

Kitinda mimba wetu yuko kidato cha tatu.

Hadithi hiyo imo katika Sunan Abu Daud. Safari moja Bi Aisha (r.a.) alimshinda Mtume (s.a.w.) mbio, baadaye, mwili wake ulipokwisha kunenepa, wakashindana tena, Mtume akashinda, akamwambia kuwa ushindi huu ni kwa ule. Tumeisimulia mimbarini na mbele ya wanandoa waliokuja kusuluhishwa. Nasi twaishi Mombasa, mji wa kisiwani, ambako mtu akishika njia yoyote hatimaye hufika majini. Tukazikunja karatasi, tukamwambia avae twende.

Pikipiki yetu ni ile tunayoendea madrasani. Mke wetu hakuwahi kuipanda, na ukweli ni kwamba hatukumkaribisha. Tulichelea maneno: sheikh mzima, ndevu zimeingia mvi, amempakia mwanamke nyuma kama kijana wa fungate! Haya ni sehemu ya imani, lakini tulichokichelea sisi ni macho ya watu, na hilo ni jambo jingine.

Sheria za barabarani za Kenya zinamtaka dereva na abiria wake wavae helmeti na jaketi la kuakisi mwanga, na abiria asizidi mmoja. Vya abiria tuliviazima kwa kijana wa jirani, mwendesha bodaboda. Yeye ndiye aliyemweleza mke wetu, kwa adabu na akiwa amesimama mbali, mambo ambayo mama zetu na mabanati wengi hawaambiwi. Buibui lisiachwe kupepea, kwani pindo likinaswa na cheni au gurudumu humvuta mtu chini ghafla. Likunjwe na kufungwa, na ndani ivaliwe suruali pana. Mtandio wa ndani ya helmeti uwe mwepesi, usio na pini. Kukaa upande ndiyo mazoea yetu, lakini anayekaa kama mpanda punda hushika vizuri zaidi. Tulitaka kusita hapo. "Wake wa Mtume walipanda ngamia," akasema mke wetu, akapanda.

Tulitoka kabla malori hayajajaa. Juu ya Daraja la Nyali upepo ulitupiga ubavuni, na mikono yake ikatukaza kiunoni. Daraja hili lilifunguliwa mwaka 1980. Lile la kuelea lililokuwako tangu 1931 tulilivuka utotoni, tumeshikwa mkono na marehemu mama. Kwenye kituo cha petroli tukakutana na mzazi wa mwanafunzi wetu. Alimtazama abiria wetu, akatutazama sisi, kisha akasema, "Mashallah, maalim. Hata mama watoto wangu anadai."

Tukapita Bamburi na Shanzu, tukavuka mkono wa bahari wa Mtwapa, kisha tukakata kulia kuelekea pwani. Jumba la Mtwana liko kama kilomita 15 kaskazini mwa Mombasa, chini ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya. Ni mji wa Waislamu wa karne ya 14 uliohamwa karne iliyofuata; zimebaki kuta za mawe ya matumbawe, visima, misikiti, na mibuyu iliyoota kati yake. Karibu na msikiti wa baharini pana kaburi lililochongwa aya ya 185 ya Surat Aal Imran, ile ya mauti. Tukasimama sote wawili tukawaombea wenyewe.

Ndani ya magofu ya msikiti huo pana chumba cha kando ambacho husemwa kilikuwa cha wanawake. Mke wetu alikaa hapo muda mrefu, kiganja chake ukutani.

"Hawa waliwakumbuka wake zao," akasema.

Kisha akatueleza, bila kupandisha sauti, kwamba katika msikiti wa mtaa wetu wanawake huswali tarawehe uani juu ya mikeka, na mvua ikinyesha hurudi majumbani. Kwamba ombi la chumba limefika kwenye kamati zaidi ya mara moja. Akatutajia na bei ya zulia jipya ambalo kamati inataka kununua. Hatukujua kama anaijua. Sisi tumo katika kamati hiyo, na mkono wa kuliunga mkono zulia tuliuinua.

Tukauliza, "Mbona hukutuambia nyumbani?"

"Nyumbani husema wakati unaandika."

Tukateremka ufukweni. Maji yalikuwa yakitoka, mchanga ni mgumu na mweupe, na watu ni wachache. Akaingia hadi magotini, akacheka kicheko tulichokisikia mara ya mwisho wasichana wetu walipokuwa wadogo. Halafu akanyosha kidole kwenye mwamba, akasema, "Haya, maalim, hadithi yako." Magoti yetu yalikataa kabla ya hatua ya ishirini. Alifika, akageuka, akatungoja. Ule wa pili tungali tunaudai.

Adhuhuri ilitukuta tumekwisha kurudi mjini. Kamati inakutana usiku wa Alhamisi baada ya Isha. Chumba cha wanawake tumekiandika kwanza katika ajenda, juu ya zulia. Mzee mmoja amekwisha kutupigia simu, na hakufurahi.

Ama ile helmeti, kijana wa jirani alikuja kuidai siku ya tatu. Mke wetu akamjibu kutoka jikoni angoje hadi Jumapili ipite.