Soya na Maji (3): Nani Anaweza Kungoja?

Wiki iliyopita tuliishia kwenye kiasi cha maji ambacho soya hutumia msimu mzima, takribani milimita 500 hadi 650. Leo tuulize mkulima aanze lini kumwagilia. Mfano mzuri ni Nebraska, Marekani, ambako mashamba mengi hunyeshewa na mitambo inayozunguka kwenye duara, ya aina iliyobuniwa na Frank Zybach na kupewa hataza mwaka 1952.

Kusini ya kati ya jimbo hilo udongo ni tifutifu wenye kina. Kila mita ya kina huhifadhi kiasi cha milimita 160 za maji yanayofyonzeka. Upande wa vilima vya mchanga vya Sandhills, mita hiyohiyo huhifadhi nusu yake, au pungufu. Kanuni ya kawaida ni kumwagilia kabla nusu ya akiba haijakwisha. Basi tupige hesabu: mizizi imefika mita moja, nayo soya inakunywa milimita 7 kwa siku. Mwenye tifutifu ana milimita 80, siku 11 hivi. Mwenye mchanga ana 40, hazifiki siku sita. Mizizi ikiwa bado mifupi, huyu wa pili hana hata hizo.

Ndiyo maana watafiti wa Chuo Kikuu cha Nebraska huwashauri wenye tifutifu, iwapo udongo ulishiba maji wakati wa kupanda, wangoje hadi maganda yaanze kutoka, hatua iitwayo R3. Aliyezoea mahindi atashtuka, kwani mahindi yakikosa maji wakati wa mbelewele, mavuno yamekwenda. Soya huchanua kwa majuma kadhaa, na hata ikiwa na maji tele hupukutisha zaidi ya nusu ya maua yake. Yaliyopotea leo hufidiwa na ya kesho. Kinachoogopwa ni kiu punje zinapojaa, R5, kwa sababu hapo hakuna tena cha kufidia.

Kumwagilia mapema kwenye tifutifu kuna hasara yake. Shina hurefuka na kulala, majani hufunga mistari, na kwenye unyevu huo kuvu wa Sclerotinia huingilia kwenye maua yanayonyauka. Ni kulipia mafuta ya pampu ili kununua ugonjwa.

Mwenye mchanga asiige ushauri huo. Yeye amwagilie kidogo kidogo, mara kwa mara, tangu maua na hata kabla. Akimimina mengi kwa mkupuo, maji huzama chini ya mizizi pamoja na naitreti.

Udongo wa mfinyanzi ni kisa kingine. Unahifadhi mengi lakini unameza polepole, na ukiachwa upasuke, maji ya mifereji hupotelea kwenye nyufa kabla ya kufika mwisho wa shamba, kisha mizizi hukaa kwenye tope bila hewa. Huko kuchelewa ni ghali.

Ganda moja la shina kuu likishapata rangi ya kukomaa, R7, maji hayaongezi kitu. Mwenye tifutifu huweza kuzima mtambo siku nyingi kabla ya hapo, akaiacha akiba ya chini imalizie kujaza punje.