Sato huyo unaujua ukoo wake?

Hebu sema ukweli, msomaji wangu. Ukikaa kwa mama ntilie ukaletewa ugali na sato wa nazi, huwa unamuuliza kabila lake? Wengi tunaangalia ukubwa tu. Mimi ni mlaji wa sato wa siku nyingi, na nilipoanza kufuatilia habari zake nikakuta kasheshe inayostahili kabisa kuwekwa kwenye ukurasa wa mapenzi.

Kumbe sato tunayemla sana, yule ambaye wataalam wanamwita Oreochromis niloticus, ni mgeni Ziwa Victoria. Alipandikizwa miaka ya 1950. Mwenye nyumba ni ngege, kama wanavyomwita Wajaluo na Waganda. Jina lake la kitaalam ni Oreochromis esculentus, na hilo neno la pili kwa Kilatini maana yake ni kitu cha kuliwa. Enzi hizo yeye ndiye aliyekuwa staa wa soko.

Masaibu yake hayakuanza jana. Nyavu za makila ziliingia ziwani mwaka 1905, na Mwingereza Michael Graham alipokuja kukagua ziwa mwaka 1927 na 1928 alikuta kila wavu unaambulia samaki wachache kuliko zamani. Akashauri jicho la wavu lisipungue inchi 5. Baadaye akaletwa sangara, na huyo hana simile na mtu. Ngege akaishia kwenye orodha ya IUCN ya viumbe vilivyo kwenye hatari kubwa kabisa ya kutoweka.

Lakini sangara na nyavu unawaona kwa macho. Huyu mgeni sato ana njia ya kimyakimya: anaoana na mwenyeji. Punda akizaa na farasi anapatikana nyumbu, na nyumbu hazai, mambo yanaishia hapo. Hawa samaki sivyo. Machotara wao wanazaa, na watoto wao wanazaa tena, mpaka ukoo wa ngege unayeyuka ndani ya ukoo wa sato kama sukari kwenye chai. Hakuna maiti, hakuna msiba.

Sasa utamjuaje ngege halisi? Kwa sura unaweza kuingizwa mjini, maana chotara wa vizazi kadhaa anaweza kufanana na babu mmoja tu. Hapo ndipo vinasaba vinapoingia. Mtaalam anakata kipande kidogo cha pezi, anakitia kwenye spiriti, samaki anarudishwa majini akiwa hai. Maabara wanasoma kumbukumbu mbili. Moja anairithi kwa mama peke yake, nyingine kwa wazazi wote wawili. Zikigongana, bwana, siri ya ndoa imefichuka! Mwaka 2022 wataalam walichapisha seti ya alama za vinasaba za kutenganisha jamii hizi za Oreochromis, ili kazi isihitaji kusoma vinasaba vyote vya kila samaki.

Moja ya sehemu ambazo ngege bado yupo ni Kanyaboli, ziwa dogo la Siaya, Kenya, lililokingwa na matete na mafunjo ya bwawa la Yala. Nilifurahi kusikia, kisha nikapoa. Utafiti wa mwaka 2011 ulikuta dalili za damu ya mgeni hata huko. Ndiyo maana ukitaka kuzalisha ngege upya huwezi kuvua wowote tu. Lazima upime kwanza, uchague wazazi safi, na wawe wengi wa koo tofauti, la sivyo utakuwa unaozesha kaka na dada.

Kuna watakaosema sato ni sato, tumbo halina ukabila. Mimi sitaki sato afukuzwe, anawalisha watu wengi. Ila sikilizeni hii. Mwaka 1960 mtaalam aitwaye Hickling, kule Malacca, alichanganya dume la jamii moja ya Oreochromis lililotoka Zanzibar na jike la jamii nyingine, akapata watoto madume watupu. Wafugaji wa dunia nzima walishangilia, kwa sababu madume hukua haraka na bwawa halijai vitoto. Mbegu hiyo ilitoka kwetu. Ungeipata wapi kama ingekuwa imeshachanganyika ovyo?

Na hatari haipo Victoria tu. Mto Pangani una perege wake ambaye hapatikani kwingine, Oreochromis jipe, naye sato kamfuata hukohuko. Vifaranga vinasafirishwa kwenye mifuko ya plastiki kutoka mkoa hadi mkoa, vinatiwa bwawani, mvua kubwa ikinyesha bwawa linafurika, nao wanaingia mtoni. Kwa hiyo wewe mshikaji uliyechimba bwawa nyuma ya nyumba, kabla hujalipa, muulize muuzaji wazazi wa vifaranga hao wametoka maji gani.