"Kwa Yeyote Anayehusika": Kauli ya Kiofisi na Matumizi Yake

Miongoni mwa kauli ambazo Kiswahili cha ofisini kimezirithi kutoka katika majalada ya Kiingereza, ni chache zilizoenea kama ile inayoandikwa juu ya barua isiyokuwa na mwandikiwa maalumu, yaani "To Whom It May Concern". Serikali ilipoagiza mwaka 1967 kwamba shughuli zake ziendeshwe kwa Kiswahili, na Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa kwa Sheria Na. 27 ya mwaka huo huo, makarani walikabiliwa na kazi ya kuandika kwa Kiswahili barua zile zile walizokuwa wamezoea kuziandika kwa Kiingereza. Istilahi za fani zilipata watu wa kuzijadili. Kauli ndogo ndogo za juu na za chini ya barua, kwa sehemu kubwa, kila ofisi ilijitafutia zake.

Ndiyo maana leo twakuta "Kwa Anayehusika", "Kwa Yeyote Anayehusika", "Kwa Mhusika", "Kwa Yule Ambaye Inaweza Kumhusu" na "Kwa Yeyote Anayemhusu". Msomaji aweza kudhani kwamba hizi zote ni namna mbalimbali za kusema jambo moja. Sivyo. Baadhi yake ni sahihi, baadhi zafaa kwa shida, na mojawapo husema jambo jingine kabisa.

Tuanze na kitenzi chenyewe. Kitenzi "husu" hudai pande mbili: jambo lenye kuhusu, na mtu anayehusiwa nalo. Twasema "habari hii yamhusu Juma". Lakini twasema pia "Juma ananihusu", na hapo hatuna maana ya habari wala barua, bali udugu: Juma ni jamaa yangu. Kitenzi "husika", kwa upande wake, hakihitaji mtendwa. Mtu huhusika, basi. Kwa sababu hiyo "Kwa yeyote anayehusika" ni kauli iliyo salama. Kiambishi a- ni cha mtu, na -ye- ni cha mtu huyo huyo.

Anayetaka kutumia "husu" badala ya "husika" hana budi kukumbuka kwamba barua ndiyo inayohusu, na mtu ndiye anayehusiwa. Atasema basi "Kwa yeyote inayemhusu barua hii", au kwa ufupi zaidi, "Kwa yeyote imhusuye". Hapo i- ni ya barua, -m- na -ye ni za mtu. Akikosea akaweka a- mahali pa i-, atapata "Kwa yeyote anayemhusu", na barua itakuwa imetoweka katika sentensi. Watabaki watu wawili, mmoja akiwa jamaa ya mwenzake.

Kosa hili laweza kuonekana dogo kwa mtu aliyeketi mezani na kamusi. Mkonze, katika Jiji la Dodoma, tulionyeshwa barua iliyomgharimu mwenyewe nauli na siku kadhaa. Mkonze ni kata ambayo mashamba yake yamekuwa yakipimwa viwanja kadiri mji unavyopanuka, na kwa hiyo mkazi wake wa leo anahitaji karatasi nyingi kuliko alizohitaji baba yake: karatasi ya kiwanja, ya benki, ya hospitali, ya mirathi. Mama mmoja mjane alikuwa akifuatilia mafao ya marehemu mumewe. Kijana wa jirani, aliyesoma kidogo, alimwandikia barua ya kueleza kwamba mama huyo ni mkazi wa mahali hapo na kwamba ndiye aliyekuwa mke wa marehemu. Juu yake aliandika kwa herufi kubwa "KWA YEYOTE ANAYEMHUSU", na katika mstari uliofuata, kama kichwa cha habari, akaweka jina la marehemu.

Karani wa ofisi iliyoipokea alisoma mistari miwili hiyo kwa pamoja, kama ambavyo mtu yeyote ajuaye Kiswahili angeisoma: kwa yeyote anayemhusu marehemu fulani. Akaichukua kuwa ni wito kwa ndugu wa marehemu. "Mama," alimwambia, "hii ni ya ndugu zake. Wako wapi? Waje." Mama akarudi nyumbani, shemeji yake akaitwa kutoka Manyoni, wakaenda wote wawili. Walipofika waliambiwa na karani mwingine kwamba hakuna shemeji aliyehitajika. Kilichotakiwa ni uthibitisho wa makazi tu, na uthibitisho huo ulikuwamo ndani ya barua tangu siku ya kwanza. Hatuoni kwamba karani wa kwanza alikosa. Alisoma kilichoandikwa.

Kauli ya "Kwa Mhusika" nayo ina hatari yake, ingawa sarufi yake haina dosari. Neno "mhusika" limekwisha kupewa kazi nyingine mbili. Katika fasihi ni mtu wa hadithini au wa mchezo wa kuigiza. Katika habari za polisi, "wahusika wanatafutwa" huwa ni wale wanaodhaniwa kuwa wametenda kosa. Kwa barua ya kumtambulisha mgonjwa haina madhara makubwa. Kwa barua inayoeleza upotevu wa mali, twashauri iepukwe.

Ama "Kwa yule ambaye inaweza kumhusu" ni Kiingereza kilichovishwa kanzu. Mwandishi ameona kitenzi cha shaka katika Kiingereza, akaona lazima shaka hiyo itafsiriwe kwa "weza". Kumbe Kiswahili huiweka shaka hiyo mahali pengine, katika neno "yeyote" (ambalo katika vitabu vya zamani utalikuta limeandikwa "ye yote"), na akitaka zaidi, katika wakati ujao: "Kwa yeyote atakayehusika". Kusema "yule" ni kumwonyesha mtu kwa kidole, na papo hapo kusema kwamba hatujui kama ndiye.

Hata hivyo, tungependa kuuliza kama kauli hii yahitajika mara nyingi kiasi hicho. Mwaka 1844, Sayyid Said wa Unguja alimpa mmisionari Johann Ludwig Krapf barua ya kupita nayo pwani. Barua hiyo haikuandikiwa mtu mmoja, wala haikuandikiwa kila mtu. Ilitaja maliwali wake, marafiki zake na raia zake, na ikawataka wamtendee mgeni huyo wema. Mwandishi hakujua majina ya watakaoisoma, lakini alijua vyeo vyao na alijua anataka wafanye nini. Barua ya Mkonze ingeandikwa "Kwa Afisa Mafao", hata bila jina la afisa wala la ofisi, yule mama angalihudumiwa siku ile ile. Kwa kawaida mwenye barua ajua anakokwenda, iwe ni kwa Mganga Mfawidhi, kwa Meneja wa Benki au kwa Mwalimu Mkuu. "Kwa yeyote anayehusika" ibakie kwa barua itakayopita ofisi nyingi zisizofanana, kama vile hati ya kuthibitisha utumishi wa mtu.

Limebaki jambo la kichwa cha habari. "Yah:" ni kifupi cha "yahusu", yaani barua hii yahusu. "Kuh:" ni kifupi cha "kuhusu". Zote mbili zinakubalika. Kisichokubalika ni "Yah: Kuhusu maombi ya likizo", ambacho tunakiona karibu kila wiki, kwani mwandishi amesema jambo moja mara mbili kabla hajaanza kulisema.

Na katika fomu, penye nafasi isiyomgusa mjazaji, "Haihusiki" yatosha. Maelekezo yawe "Jaza panapohusika", kwa kuwa panapotajwa ni mahali pa kujaza. Mahali penye maneno mawili ya kuchagua, neno ni la ngeli ya li-, kwa hiyo ni "futa lisilohusika", wala si "futa isiyohusika".