Kunoa na Kufua Upya: Ujuzi wa Wafanyakazi wa Kituo cha Nyuklia cha Ignalina

Makala haya yanakusudia kufafanua dhana mbili ambazo aghalabu huchanganywa panapojadiliwa mafunzo ya wafanyakazi wa sekta ya nyuklia. Ya kwanza ni kunoa ujuzi, yaani kuutia makali ujuzi ambao mtu tayari anao. Ya pili tutaiita kufua upya, kama mhunzi anayekirudisha kisu motoni akakifanya jembe. Mfano wetu ni kituo cha Ignalina nchini Lithuania, ambako yote mawili yalihitajika kwa wakati mmoja.

Ignalina ilikuwa na vinu viwili vya aina ya RBMK, aina ileile iliyolipuka Chernobyl mwaka 1986. Kuvifunga kulikuwa sharti mojawapo la Lithuania kujiunga na Umoja wa Ulaya. Cha kwanza kilizimwa tarehe 31 Desemba 2004, na cha pili tarehe 31 Desemba 2009. Mji wa Visaginas ulikuwa umejengwa kwa ajili ya kituo hicho. Riziki ya wakazi wake ilitoka humo.

Mwanafunzi wa Kiswahili atang'amua kwamba kitenzi "kuzima" kinaweza kutupotosha hapa. Taa ikizimwa, kazi imekwisha. Kinu cha nyuklia kikizimwa, fueli yake huendelea kutoa joto na mnururisho, hivyo wanaoipoza na kuilinda hawawezi kwenda zao. Hao walihitaji kunolewa tu. Lakini fundi aliyezoea kuendesha mitambo alitakiwa sasa kuibomoa: kukata mabomba, kupima mnururisho, kutenga taka kwa viwango vyake na kuandika kila kipande kilikotoka. Ugumu, kwa maoni yangu, haumo katika msumeno. Mwendeshaji hufaulu siku ambayo hakuna kilichobadilika. Mbomoaji hubadilisha jengo kila siku, na hatari aliyoipima jana huenda leo imehamia pengine. Mazoea ya miaka ishirini hayafuliwi upya kwa kozi ya wiki mbili.

Hata hivyo, ni vigumu kumpata wa kushika nafasi ya mwendeshaji wa zamani. Yeye ndiye anayeweza kukumbuka bomba lililobadilishwa bila mchoro kurekebishwa. Akistaafu kabla ya kuhojiwa, kumbukumbu hiyo huondoka naye. Kufikia mwaka 2022, fueli yote iliyotumika ilikuwa imehamishiwa maghala maalumu. Viini vya grafiti bado vimo vinuni, na huenda wengi watakaoviondoa hawakuwahi kuviona vikifanya kazi.